Ndege Iliyogeuka Juu ya Ziwa

Gundi ya unga wa muhogo ikilala ndooni, huamka na harufu yake. Si uvundo, wala si harufu ya chakula. Ni uchachu mzito unaokaa kooni, kama pombe ambayo mtu ameianza akaiacha. Msimu ule wa mvua, nilipokuwa darasa la tano la sekondari, harufu hiyo ilikaa kwenye nywele zangu, kwenye mashati yangu mawili ya shule, hata kwenye mto wa kulalia, na mama alikuwa akinifungulia mlango kabla sijabisha kwa sababu ilinitangulia kufika. Tuliipika juu ya makaa nyuma ya karakana ya shule. Tuliipaka kwenye mashuka makuukuu ambayo kila mmoja aliyatoa kwao, tukayavuta juu ya mbavu za mianzi na mikaratusi, na yalipokauka yalibana kama ngozi ya ngoma; ukiyagonga kwa kidole, yaliitika. Upande mmoja bado ulionyesha maua mekundu ya shuka la bibi ya mmoja wetu. Tulikuwa tunajenga ndege.

Haikuwa ndege ya kuweka juu ya kabati. Kila mita ya ndege ya kweli tuliigeuza sentimita ishirini, na bado mabawa yake, yakiunganishwa, yalijaza karakana karibu kutoka ukuta hadi ukuta, mpaka aliyetaka kupita upande wa pili alilazimika kuinama. Tuliiga ile ndege ya mizigo yenye pangaboi mbili iliyokuwa ikipita juu ya shule kila siku, chini kiasi kwamba mwalimu alinyamaza katikati ya sentensi, akangoja, kisha akaendelea palepale alipoachia. Shule yetu iko juu kidogo ya Birere, mtaa wa Goma, karibu na njia ya ndege zilizokuwa zikitoka ziwani kwenda kutua. Mtoto wa mtaa ule alijua umbo la tumbo la ndege kabla hajajua kusoma jina lake.

Lakini hatukuijenga kwa mapenzi ya ndege. Tuliijenga kwa sababu ya chumba. Sehemu ya useremala ilikuwa na chumba hicho kimoja tu, na mwaka hadi mwaka wazazi waliandikisha watoto wao kwingine, kwenye biashara, kwenye ualimu, popote palipo na kalamu badala ya randa. Mwanzoni mwa muhula, prefe, yaani mkuu wetu wa masomo, mtu mrefu asiyependa kurudia neno, aliingia akaangalia benchi zilizokuwa tupu nyuma yetu. Alisema kwa Kiswahili cha nyumbani, jambo ambalo hakulifanya ila akiwa amekwisha kata shauri: «Muzazi anaandikishaka mutoto kwa kitu anaona na macho. Siku ya milango wazi, munionyeshe kitu. Kama hakuna batoto bapya ba kujaza hizi benchi, hii chumba ninapatia batu ba kushona.» Sisi wenyewe tungehamishiwa ualimu, turudishwe nyuma madarasa mawili tuanze upya.

Kwa wenzangu hilo lilikuwa kero. Kwangu lilikuwa shimo. Tulikuwa tumefika Goma kutoka Rutshuru mwaka mmoja tu kabla ya hapo, mama, mimi na wadogo zangu, tukiwa na kile kilichoenea kwenye minibasi. Darasani sikuwa hodari wa kitu chochote ambacho mtu angekisifu. Kifaransa changu kilikuwa cha kuokoteza, na mpira sikuugusa. Nilichojua ni kimoja tu: kuchora kitu kikubwa kikawa kidogo bila kukidanganya. Hakuna aliyenifundisha. Kule nyumbani nilianza na mlango wetu, nikaenda kwenye kiti, kisha kwenye minibasi ya jirani, nikigawa kila kipimo kwa namba ileile, nikifuta na kuanza upya mpaka karatasi ikatoboka. Goma nilihamia kwenye ndege. Nilisimama uani asubuhi, nimenyoosha rula mbele ya jicho moja, nikingoja ndege ipite ili nilinganishe urefu wake na upana wa mabawa. Majirani walidhani ni namna yangu ya kusali. Kama chumba kingefungwa, kitu hicho kimoja nilichokijua kisingekuwa na mahali pa kukaa.

Kwa hiyo nilijenga kwa hofu. Nasema wazi, kwa sababu watu wanaosikia habari ya ndege ile hudhani tulikuwa vijana wenye furaha tupu. Ubavu wa bawa ukizidi mwenzake kwa upana wa ukucha, sikuweza kumeza chakula. Kambale, mtoto wa mfanyabiashara wa Butembo ambaye mzaha kwake ulikuwa kama pumzi, aliniita Papa Milimetre, na darasa zima likalichukua jina. «Hii ndege itamalizika siku Papa Milimetre atakuwa na bajukuu,» alisema huku akikoroga gundi, na alisema hivyo karibu kila siku akiongeza idadi ya wajukuu. Kidole kimoja hakivunji chawa, najua, lakini wakati ule niliamini kwamba vidole vya wengine vinaharibu kazi. Wenzangu walipokwenda kula mchana, nilibaki nikibandua mbavu walizozibandika ili nizibandike mwenyewe.

Furaha ndiye aliyenikamata. Alikuwa msichana pekee wa darasa letu. Mama yake aliuza vitenge Birere, na yeye mwenyewe alikuwa na mikono inayojua kitambaa, kiasi kwamba shuka alilolivuta yeye halikuwa na kunyanzi hata moja. Alirudi kuchukua mwavuli wake akanikuta na ubavu mkononi.

«Ile nilibandika asubui,» akasema. «Juu ya sababu gani unaitoa?»

«Imepinda kidogo.»

Akaniangalia toka kichwani hadi miguuni. «Na weye umepinda kidogo. Nani anakutoaka?»

Nikaurudisha. Tangu siku hiyo nilijilazimisha kuwaachia wenzangu mbavu, mkia, pua, hata magurudumu, ambayo waliyachonga kama ya chukudu, ile baiskeli nzito ya mbao isiyo na pedali inayobeba viazi na makaa mjini kwetu: mduara wa mti mgumu uliovikwa ukanda wa tairi. Jambo moja tu sikumwachia mtu, nalo ni kupima. Mwili wa ndege niliusimamisha kwa kamba yenye jiwe, nikahakikisha mkia uko wima kama mtu anayeapa. Kisha nikakata fimbo ndefu, nikaitia alama, na kwa fimbo hiyo nikapima ncha ya kila bawa kutoka sakafuni. Kushoto na kulia, alama ileile. Nilipima kabla ya gundi, nikapima gundi ilipokauka, nikapima tena asubuhi kabla ya wenzangu kufika. Sikumbuki kitu kingine maishani mwangu nilichokipima mara nyingi hivyo.

Siku iliyotangulia ile ya milango wazi, mchana, tuliitoa nje. Hatukuwa wajinga wa kusahau kwamba mlango ni mwembamba: mabawa yalichomoka na kuchomekwa mahali pake pasipobadilika, na vijana waliubeba mwili mabegani huku Kambale akiwaongoza: «Polepole, marehemu iko muzito.» Tukaiunganisha katikati ya uwanja, juu ya magurudumu yake, nikaisawazisha kwa vijiwe mpaka kamba yenye jiwe ikaniambia kwamba mkia uko wima. Kisha tukarudi nyuma hadi langoni, mahali ambapo wazazi wangeiona kwa mara ya kwanza. Tukageuka.

Mkia ulikuwa wima kabisa. Mabawa yalikuwa yameinama, la kushoto chini, la kulia juu, si kwa ukucha bali kwa kiasi ambacho mpita njia angekiona akiwa juu ya pikipiki.

«Bawa ya kushoto inatafuta kitu ilianguka,» akasema Kambale, lakini bila kucheka.

Nilikimbia kurudi karakanani na fimbo yangu, nikidhani imevunjika au imechezewa. Ilikuwa nzima. Nilipoiegemeza ukutani, penseli iliyokuwa sikioni kwangu ikaanguka, ikabiringika kuelekea mlangoni, polepole, bila kusita, kama ilivyobiringika kila penseli iliyowahi kuanguka ndani ya chumba kile. Siku zote aliyekaa karibu na mlango aliirudisha kwa mguu bila hata kuangalia chini. Nikasimama nikiitazama. Karakana yetu, kama nusu ya mji, ilijengwa juu ya lava. Baada ya mlima wa volkano ulio juu ya mji kumwaga moto wake, watu hawakuyaondoa mawe. Walimwaga saruji juu yake wakaanza maisha upya, na sakafu ikafuata mteremko wa mto wa moto uliokuwa umepita pale. Nyumbani kwetu sufuria iliinuliwa upande mmoja kwa kijiwe. Kitanda changu kilikuwa na matofali chini ya miguu miwili tu. Mtu wa Goma huishi kwenye mteremko mpaka akasahau kwamba ni mteremko. Mazoea yana taabu: nilikuwa nimepima mwili wa ndege kwa jiwe linaloning'inia, ambalo halijui kudanganya, na mabawa kwa sakafu ambayo haikuwahi kuwa sawa hata siku moja.

Nikarudi uwanjani na msumeno. Niliwaza kwamba nikikata mabawa penye shina, nikiyachomeka upya, nikipika gundi nyingine, huenda asubuhi ingekuwa imeshika. Haingeshika. Katika unyevu wa mvua zile gundi ile ilihitaji siku kadhaa, na kila mtu uwanjani alilijua hilo kama mimi. Prefe alipita barazani, akaitazama ndege, akanitazama mimi na msumeno wangu, akasema tu kwamba wazazi wangeanza kuingia asubuhi saa mbili, akaendelea na safari yake. Nikauweka msumeno kwenye shina la bawa. Furaha akaushika upande wa pili.

«Angalia kwanza,» akasema.

Nilisikia kabla sijaona. Ndege ya saa ile ilikuwa inaingia kutoka ziwani, upande wa Himbi, na kama kawaida yake ilipinda juu ya maji ili ielekee uwanja wa ndege. Ilipopinda, bawa la kushoto lilishuka, likashuka zaidi, na la kulia likapanda, mkia nao ukalala kufuata mabawa, na jua likapiga tumbo lake lote. Nilikuwa nimeiona ikifanya hivyo mara nyingi kuliko nilivyowahi kumwona baba yangu. Kisha ikanyooka, ikapita juu yetu kwa kelele yake, mabati yakatetemeka, na sote tukangoja.

«Ile nayo utaikata?» Furaha akauliza.

Sikuelewa. Kambale alielewa kabla yangu. Akaanza kucheka na kupiga mikono. Furaha akaeleza kwa viganja vyake, kimoja mkia na kimoja mabawa. Ndege ikisimama chini, kila mtu ataona kwamba mabawa yameinama. Ikiwekwa juu, ikalazwa yote kama inayogeuka juu ya ziwa, nani atajua ni kiasi gani kilikuwa mteremko wa sakafu na kiasi gani ni kugeuka?

«Lakini mkia na mabawa havilingani,» nikasema.

«Nani atapima? Weye peke yako.»

«Na mimi nitajua.»

«Basi jua,» akasema. «Benchi zijae.»

Wahenga wanasema lisilobudi hutendwa. Niliuweka msumeno chini. Tulichukua magogo mawili ya mkaratusi yaliyokuwa yakingoja kupasuliwa mbao. Kuchimba shimo kwenye lava hakuwezekani, kwa hiyo tukayasimamisha ndani ya mapipa matupu tukayajaza mawe meusi mpaka midomoni, jinsi wanavyosimamisha nguzo watu wa kwetu wote. La mbele tulilikata refu kidogo, la nyuma fupi, na juu ya kila moja tukachonga kitako kilicholala upande. Darasa zima liliiinua ndege kwa kamba na mabega, na wale wadogo wa darasa la kwanza walikuja bila kuitwa. Mwanzoni nilitoa maagizo. Kisha nikaona kwamba hakuna anayenisikiliza na kwamba ndege inapanda hata hivyo, nikanyamaza nikashika kamba kama wengine. Tuliifunga kwa waya. Pua yake tuliielekeza kule ndege za kweli zinakoelekea. Mawingu yalipoanza kukusanyika juu ya mlima, mama yake Furaha alimtuma mtu kutoka Birere na turubai zake za kufunikia meza za biashara, tukaifunika, na mvua ikanyesha juu ya turubai.

Asubuhi tuliifunua. Nilisimama langoni peke yangu kabla ya wengine, na nakiri kwamba kwa muda sikuitambua. Ndege yangu mbaya ya jana haikuwepo. Palikuwa na ndege inayoshuka kutoka ziwani, bawa moja likielekea ardhini na jingine mawinguni, magurudumu ya chukudu yamefunguka kwa ajili ya kutua, maua mekundu ya shuka yakionekana kidogo chini ya rangi nyeupe tuliyoipaka. Ile iliyosimama wima juu ya vijiwe ilikuwa kabati lenye mabawa. Hii ilikuwa inaenda mahali.

Wazazi walianza kuingia, na langoni pakatokea msongamano kwa sababu kila aliyevuka kizingiti alisimama. Nilikuwa nimepanga kujificha. Badala yake nilikaa chini ya bawa la kushoto asubuhi nzima, nikiogopa kwamba atatokea mtu mwenye jicho kali. Hakutokea. Jambo lililotokea sikulitarajia: watu waliinama. Watoto kwanza, kisha mama zao, waliinamisha shingo upande wa kushoto wakiitazama, mabega yakifuata, kama abiria waliomo ndani yake. Mzee mmoja aliyevaa koti alifungua mikono kabisa, akageuka mahali pamoja, akatazama kama kuna aliyemwona. Mama yangu alifika akitoka sokoni. Hakuwahi kupanda ndege. Aliizunguka yote, akarudi kwangu.

«Inapanda ao inatua?»

«Inatua, Mama.»

«Inafika muzuri,» akasema, akasimama pale mpaka jua likamhamisha.

Meza ya kuandikisha ilikuwa mbele ya karakana. Mwanzoni prefe aliketi pale akijipepea. Baadaye niliona migongo ya watu tu, sikumwona tena yeye. Mama mmoja aliyemshika binti yake mkono alimuuliza kwa sauti ambayo wote tuliisikia: «Na huyu wangu wa kike, ataweza hii kazi?» Prefe alinyoosha kidole kwa Furaha, ambaye wakati ule alikuwa juu ya ngazi akikaza waya, misumari mdomoni. Mama akatazama, akamsukuma binti yake mbele. Saa ya mchana prefe alitoka nje ya ule umati, tai yake imelegea, akatukusanya chini ya bawa.

«Muko na benchi ngapi mule ndani?»

«Ni zile tu, Prefe,» Kambale akajibu. «Zile zenye unaonaka.»

«Haziwezi. Muanze kutengeneza zingine Jumatatu.»

Alisema hivyo tu, akaondoka. Ilituchukua muda kuelewa kwamba tumeshinda. Kisha Kambale akanibeba begani kama gunia na kunizungusha uwanja mzima, akisema nicheke kidogo, hakuna kipimo cha kucheka, na nilicheka, kwa mara ya kwanza tangu muhula uanze bila kuhesabu ni nani anayenitazama. Nilikula wali na maharage sahani mbili.

Leo nachora kwa kompyuta. Nina karakana ndogo na vijana wawili, na nina chombo kidogo chenye mwanga mwekundu kinachochora mstari sawa ukutani hata kama nyumba nzima imelala upande. Naweza kuipata tofauti ambayo rula yangu ya Rutshuru isingeiota. Hata hivyo, siwezi kusema kwamba kitu chochote nilichokitengeneza kwa chombo hicho kimewahi kuwafanya watu wainamishe shingo. Nafanya kazi safi, wateja wanaisifu, na bado nawasumbua kwa kuirudia. Wakati ule tulikuwa na mchana mmoja, mapipa mawili na msichana aliyeniambia nijue na ninyamaze. Furaha anaezeka nyumba sasa, Kambale yuko Butembo, na tunapoongea kwa simu tunaongea habari za watoto wake na njia zilizofungwa. Uwanja wa ndege nao umefungwa. Walimu wanamaliza sentensi zao. Ndege yetu ilikaa juu ya magogo yake mpaka familia zilizokimbia mapigano zilipokuja kulala shuleni, ndipo mbavu zake zikawa kuni. Nilipoambiwa, nilingoja huzuni ije, lakini sikuona sababu ya kulia juu ya mbao zilizoivisha maharage ya watoto wa watu.

Chumba kipo. Mwezi uliopita prefe mpya aliniita niongee na wanafunzi wa useremala, nikakuta wengine wameketi kwenye magogo nje ya mlango kwa sababu ndani hapatoshi, na karibu nusu yao ni wasichana. Mmoja wao, mwenye vumbi la mbao kwenye kope, alisema siku ya milango wazi inakaribia nao hawajui watengeneze nini. Aliniuliza mimi ningefanya nini. Mkono wangu ulikwenda kwenye penseli ya sikioni ili nimchoree vipimo, kisha ukaiacha palepale.

«Kitu kikubwa,» nikamwambia. «Anzeni tu.»

Akawageukia wenzake, nao wakaanza kusogeza benchi.